Tope la kwenye tairi: siku niliyopanda njia ya majani kwenda kuona viazi

Najua wengi mnasubiri ile makala ya mbolea ya kupandia niliyoahidi. Itakuja. Leo nina habari ya pikipiki, na usiondoke, mwisho wake ni shambani.

Kwa mgeni: mimi ni bibi shamba, naishi Lemara, upande wa chini wa jiji la Arusha, ila wakulima wangu wako juu, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Kila siku ya kazi natoka Lemara, napita Themi, mzunguko wa Impala, Sanawari, halafu naanza kupanda kupitia Sekei. Mjini tuko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Meru kinapita mita 4,500, na mashamba yanapanda, yanapanda, mpaka yanakutana na msitu. Kwa hiyo ofisi yangu ina matairi mawili. Mwaka 2022 serikali ilipogawa pikipiki kwa maafisa ugani, wengi wetu tuliacha kulipa bodaboda mfukoni au kuomba lifti kwenye gari la majani ya ng'ombe. Kupewa pikipiki ni jambo moja. Kuipandisha mlima wakati wa masika ni jambo lingine kabisa, na hilo hakuna aliyenifundisha chuoni.

Ilikuwa Aprili, mvua imenyesha siku nne mfululizo. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kijana mmoja wa juu ya Ng'iresi akanipigia. Amekodi nusu eka, kapanda viazi mviringo kwa pesa ya kikundi chao cha kukopeshana, na ndiyo mara yake ya kwanza kulima kwa kuuza. "Mtaalamu, viazi vinalala mchana. Asubuhi vinaamka. Nimepiga dawa ya ukungu mara mbili, haisaidii."

Hapo nikakaa kitandani wima. Ukungu hauli hivyo. Ukungu unaanza na mabaka kwenye jani, unaliunguza, unanuka shamba zima. Mmea unaolala mchana ukiwa bado kijani ni habari nyingine. Nikamwambia asiongeze dawa, asimwagilie, na asiruhusu mtu kuingia shambani mpaka nifike.

Barabara tunayotumia siku zote ilikuwa imeziba. Lori la mawe limezama katikati, nyuma yake foleni ya bodaboda na kina mama wa maziwa wenye ndoo kichwani wanapita pembeni kwa miguu. Wakaniambia labda mchana trekta litakuja. Basi nikaikumbuka njia ya zamani.

Njia ya zamani ni ile iliyotumika kabla greda halijachonga barabara mpya. Inapita kati ya migomba, inavuka kijito, inafuata ukingo wa mfereji wa asili, halafu inapanda kwa ukali mpaka mashamba ya juu. Nilishaipita miaka ya nyuma, wakati wa kiangazi. Nilichosahau ni kwamba njia isiyopitwa na chombo, kwenye udongo huu wetu wa volkano na mvua hii, inageuka shamba ndani ya misimu miwili. Mabingobingo yamefunga pande zote mbili mpaka yanakutana juu, kishona nguo kiunoni, na katikati kuna mstari mwembamba wa nyayo za punda.

Sasa niongee na wewe unayeendesha pikipiki kwenda shambani, maana najua wengi wenu mnapita njia kama hizi na mzigo juu.

Kwanza, majani marefu yanaficha. Hayo majani hayajaota juu ya njia tupu, chini kuna jiwe, kuna kisiki cha mgrivea, kuna mfereji mtu kauchepusha juzi usiku kuiba maji. Mimi nilisimamisha, nikaweka stendi juu ya jiwe bapa (kwenye tope stendi inazama, pikipiki inalala yenyewe), nikatembea mbele kama hatua mia na fimbo, nachoma chini. Inachosha na unajiona mjinga. Ila kila nilipotembea kwanza sikuanguka, na pale nilipoona uvivu ndipo nilipoanguka, nitakuambia.

Pili, udongo wetu. Kiangazi ni vumbi laini kama unga, masika ni sabuni. Tairi kipara hapo ni kama kuvaa kandambili kwenye barafu. Matairi yangu ni ya meno makubwa, lakini hata hayo yakijaa tope yanakuwa kipara tu. Nikatoa upepo kidogo kwenye tairi la nyuma ili likumbatie ardhi. Usitoe mwingi, ukigonga jiwe unapata pancha na rimu inapinda. Halafu gia ya kwanza, klachi nusu, moto mdogo ulio sawa. Wengi mnakosea hapa: tairi likiteleza mnaongeza moto. Ukiongeza linachimba, linazunguka, na mkia wa pikipiki unakwenda unakotaka wenyewe. Punguza, sogea mbele kwenye tenki, macho yako yaangalie unakokwenda, siyo tairi la mbele. Ukiliangalia shimo utaingia kwenye shimo.

Ikizima katikati ya mlima, usikamate klachi kwa hofu. Iache ndani ya gia, achia klachi, injini yenyewe itashika tairi la nyuma isirudi. Shuka upande wa juu wa mteremko, kamwe siyo upande wa bonde. Pikipiki ikikulalia upande wa bonde ina uzito wa ng'ombe.

Nilifanya hayo yote vizuri kwa zaidi ya nusu saa. Nikavuka kijito, maji chini ya goti, nimeyapima kwa fimbo. Nikaanza kujisifu kimoyomoyo. Kwenye ukingo wa mfereji njia ikaonekana safi, nikasema hapa sitembei, napita tu. Mita ishirini hivi, tairi la mbele likaingia kwenye mchepuko uliofunikwa na majani. Usukani ukapinda, nikaenda chini pamoja na chombo, mguu wa kulia ndani ya mabingobingo, pikipiki juu yake.

Buti la mvua ndilo lililoniokoa. Ekzosi iliyeyusha alama kwenye mpira wa buti, na ningekuwa na raba ningekuwa na kovu kama la bodaboda wote mnaowajua. Petroli ilikuwa inavuja kwenye kabureta. Nikanyoosha mkono, nikafunga koki ya mafuta kwanza, ndipo nikaanza kuhangaika na mguu.

Aliyenitoa ni koko mmoja aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe na mundu. Kanisalimia kabla ya kuniinua, adabu haina haraka.

"Takwenya, yeyo."

"Iko," nikamjibu, nikiwa nimelala chini.

Akacheka. Akamwita mjukuu wake, tukanyanyua chombo watu watatu. "Hii njia siku hizi ni ya punda na miguu," akasema. "Wewe unamfuata nani huku?" Nikamwambia namfuata kijana wa viazi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Ana madeni yule." Mlimani habari inatembea kuliko pikipiki.

Tulisubiri dakika kumi mafuta yaliyofurika yakauke, nikafungua koki, nikashikilia moto wazi, nikapiga kiki. Ya sita ikawaka. Mjukuu akatangulia na panga akifyeka, mimi nafuata gia ya kwanza. Njiani nikaona kitu ambacho sikukipenda: kwenye mifereji miwili midogo ya matairi ya zamani, miche midogo yenye majani kama ya karoti. Gugu karoti. Hili gugu liliripotiwa hapa Arusha kuanzia mwaka 2010, na sasa liko pembezoni mwa barabara nyingi. Mche mmoja unaweza kutoa maelfu ya mbegu, unawasha ngozi, unachokoza pumu, na ng'ombe akilila maziwa yanakuwa machungu. Kule halikufika kwa upepo peke yake. Limefika kwenye tope la vyombo vyetu. Nikang'oa niliyoyaona, nimevaa glavu, nikafunga kwenye mfuko. Lakini hilo wazo la tope likabaki kichwani, likaanza kunisumbua kabla sijafika.

Shambani nilikuta kijana amesimama kwenye kona ya geti. Ni kijana mwenye bidii. Matuta yamenyooka, palizi imefanyika, kumbukumbu za gharama zote kwenye daftari la kaunta. Kona ile ya geti mimea kama arobaini imelala, majani bado kijani. Kuelekea katikati, mmoja hapa, mmoja pale. Upande wa juu ni mzima.

Nilimwomba bilauri ya kioo na maji safi. Hiki ni kipimo ambacho kila mkulima wa viazi na nyanya anapaswa kukijua, hakina gharama. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kisafishe, kishikilie ncha yake ndani ya maji bila kukitikisa, subiri dakika chache. Kama ni mnyauko bakteria, utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka kutoka kwenye shina. Tulisubiri wote wawili, tumeinama. Zikashuka.

Tukang'oa kiazi kimoja, tukakikata. Pete ya kahawia ndani, na ukiminya, uteute mweupe unatoka. Kwenye macho ya kiazi udongo umeganda kwa huo uteute.

"Dawa yake ipi, mtaalamu?"

Hakuna. Nikamwambia hivyo hivyo, hakuna. Bakteria anaishi kwenye udongo, kwenye mbegu, kwenye maji. Dawa ya ukungu haimgusi, na zile pampu mbili zilikuwa pesa iliyokwenda bure. Mtu yeyote wa duka akikuuzia chupa ya kutibu mnyauko bakteria, mwombe akuandikie risiti yenye maneno hayo uone kama ataandika.

Akakaa juu ya ndoo. Halafu akauliza swali ambalo nilijua linakuja: "Umetoka wapi?"

Nilimpa sababu mbili kwanza. Mbegu: alinunua sokoni, viazi vya kula vilivyochaguliwa vidogo vidogo, na kiazi kinaweza kubeba huyu bakteria kikiwa kizuri machoni kabisa. Shamba: aliyelikodi kabla yake alilima nyanya, na nyanya na viazi ni ndugu, ugonjwa huu ni wao wote. Maji pia, maana mfereji unaingia pale pale kona ya geti ukitokea mashamba ya juu.

Halafu kuna ya nne. Wiki tatu kabla nilifika pale wakati anapandishia udongo, nikaegesha pikipiki kwenye kona hiyo hiyo ya geti, ndani ya shamba, kwa sababu nje palikuwa na utelezi. Siku hiyo nilikuwa nimetoka moja kwa moja kwenye shamba jingine la viazi, buti na matairi yamejaa tope, na lile shamba baadaye lilikutwa na mnyauko. Nilikuwa sijui wakati huo. Lakini kuosha tairi hakuhitaji kujua.

Ningeweza kunyamaza. Mbegu ya sokoni peke yake inatosha kueleza kila kitu, na huenda ndiyo hasa. Wenzangu wawili niliowasimulia baadaye waliniambia nimejitafutia ubaya bure. Mimi naona hivi: namdai mkulima aniambie ukweli kuhusu alichopiga na lini, basi na yeye anidai. Nikamwambia. Nikamwonyesha na tairi, tope lake limekauka kwenye spoku.

Hakusema kitu muda mrefu. Alisimama, akaenda kunyoosha tuta ambalo halikuwa na shida. Aliporudi akasema, "Tufanye nini sasa." Siyo msamaha ule, ilikuwa kazi tu. Nikaipokea.

Tulichofanya, ili na wewe ukijua. Mimea iliyolala yote ilichimbwa na udongo wa shina lake na viazi vyake, ikaingizwa kwenye mifuko pale pale bila kuburuzwa, ikaenda kwenye shimo refu mbali na mfereji. Haikupewa ng'ombe wala kuwekwa kwenye mboji. Mfereji ukachepushwa usipite shambani. Kona ikafungwa kwa kamba, na jembe la kona halikutoka kwenye kona. Upande wa juu uliobaki mzima tuliuangalia kila siku ya tatu, na vilipokomaa akavuna haraka akauza vyote kwa kula. Hata kimoja hakikubaki mbegu, ingawa vilipendeza. Alipata kulipa sehemu ya mkopo, siyo wote. Kikundi kilimwongezea muda baada ya maneno mengi.

Kwenye kuvuna ndipo tukagombana kidogo, kuhusu lumbesa. Dereva wa bodaboda alitaka gunia moja lililoshonewa kilemba juu, ashushe kwa safari moja. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100, hilo la kwanza. La pili ni pikipiki. Ukiweka gunia la hivyo nyuma ya mhimili wa tairi, tairi la mbele linakuwa jepesi na usukani hausikii, na kwenye kushuka mzigo unakusukuma. Tulifunga viroba vya kilo 50, kimoja kimoja, kikae chini na karibu na kiti, kimekazwa kwa mpira pande mbili. Kushuka ni gia ya kwanza, injini ndiyo breki, breki ya nyuma kwa kugusagusa, ya mbele usiikamate kwenye tope. Safari zikawa nyingi, kweli, na mafuta yakaongezeka. Lakini hakuna kiazi kilichochubuka na hakuna dereva aliyekwenda Mount Meru hospitali.

Shamba lile sasa lina mahindi, msimu ujao kabichi. Viazi, nyanya, hoho, bilinganya, nyanya chungu na mnavu visikanyage pale kwa misimu kadhaa, na kiazi kinachojiotea kwenye mahindi king'olewe siku hiyo hiyo. Kijana kahamia kipande kingine, na safari hii alikwenda kutafuta mbegu yenye lebo ya TOSCI. Bei ilimuuma. Alinipigia kulalamika, nikamsikiliza mpaka salio likaisha.

Mimi nimeongeza vitu vitatu kwenye pikipiki: brashi ya kufulia, chupa ya kunyunyizia, na jiki. Utaratibu ni kusugua tope lote kwanza kwa maji, maana jiki juu ya tope haifanyi kazi, udongo unaimaliza nguvu. Halafu jiki sehemu moja kwa maji sehemu tisa, kwenye matairi, madigadi, stendi na soli za buti. Subiri dakika chache, suuza, kisha cheni ipake oili kwa sababu jiki inakula chuma. Shamba lenye ugonjwa naliweka mwisho wa siku, siyo mwanzo. Na pikipiki inabaki njiani, mimi naingia kwa miguu. Wakulima wengine wanaona nawanyanyapaa, wengine wananiuliza kama viazi vina korona.

Njia ya zamani ilifyekwa mwezi Juni kwa msaragambo. Vijana wa viazi walikuja, bodaboda walikuja, koko alileta uji. Tulifyeka upana wa punda wawili, tukajaza ule mchepuko kwa mawe na kuacha bomba chini maji yapite. Mabingobingo yote yaligawanywa kwa wenye ng'ombe. Lori likizama tena barabarani, tuna pa kupita.

Wiki iliyopita nilipanda kumwona kijana kwenye kipande chake kipya. Nikaegesha njiani kama ninavyofanya siku hizi, nikaanza kutembea. Getini kulikuwa na ndoo ya maji, brashi, na chupa imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Yeye alikuwa amesimama nyuma ya ndoo.

"Buti kwanza, mtaalamu," akasema, "halafu shikamoo."